Mama Mkubwa alikuja Guangzhou kuzuru, wafanyabiashara wakamgeuza kipimo cha magauni

Wakuu, salaam kwenu, mlioko nyumbani na sisi tuliotawanyika.

Ninayoandika hapa nimeyaona kwa macho yangu. Sijasimuliwa na mtu na chumvi sijaongeza. Mkiona mahali nimekuwa mkali, jueni hapo ndipo nilipojizuia.

Nipo Guangzhou, nasoma masters, mwaka wa mwisho. Sifanyi biashara, siuzi wigi, sipokei mizigo, kwa hiyo msinijie PM kuniuliza bei ya container. Huu ni uzi wa kutembea na kula. Ulitakiwa uwe uzi wa raha na picha nzuri. Umekuwa hivi kwa sababu ya watu, tena watu wetu wenyewe.

Kwanza nani aliwaambia Guangzhou hakuna pa kutembea?

Nauliza kwa hasira kabisa. Kila mgeni akiuliza humu "nakuja Guangzhou, nitembelee wapi?", anajibiwa na watu ambao pasipoti zao zimejaa mihuri ya China: "Mkuu huko hakuna kitu, nunua mzigo rudi."

Hakuna kitu! Mji uliokuwa unapokea wafanyabiashara wa Kiarabu na Kiajemi kabla babu wa babu yako hajazaliwa, wewe unasema hakuna kitu kwa sababu hujawahi kuvuka barabara ya Huanshi Zhonglu bila mfuko wa sampuli mkononi.

Watu hawa wakishuka airport ni taxi hadi Xiaobei, mtaa wa Waafrika. Wanalala Xiaobei, wanakula ugali Xiaobei, asubuhi wanakwenda Zhanqian kwenye majengo ya nguo za jumla, jioni wanarudi Xiaobei kwa watu wa cargo. Basi. Ukimuuliza Guangzhou kukoje, anakwambia kuna foleni na Wachina ni wabishi.

Haya, ngoja nishushe pumzi nianze mwanzo.

Mama Mkubwa, Bi Mwanahawa, ni dada wa mama yangu mzazi. Mama alifariki nikiwa mdogo sana, kwa hiyo nikisema Mama Mkubwa namsema mtu aliyenilea, aliyenichapa na aliyenisomesha. Ni mwalimu mstaafu, mtu wa Tanga mjini, na ana mwili wake wa heshima. Akikaa, kiti kinajua kimekaliwa.

Mumewe, Baba Mkubwa Bakari, alikuwa na hamu moja tu maisha yake yote. Aliwahi kusikia kwamba Guangzhou kuna kaburi la Sahaba wa Mtume, mmoja wa wale ambao wenyeji wanasema ndio walioleta Uislamu China. Wasomi wana maneno yao kuhusu hilo, mimi siyaingilii. Baba Mkubwa alikuwa haishi kusema, "Iko siku nitakwenda kumsalimia." Hakwenda. Alitangulia mbele ya haki bado anasema.

Mimi nilipopata scholarship ya mji huu huu, Mama Mkubwa alilia. Nikadhani analia kwa sababu naondoka. Akafuta machozi akaniambia, "Mudi, nitakuja. Nitampelekea Sahaba salamu za mwenzangu."

Hilo ndilo lililomleta, wakuu. Aswali Ijumaa kwenye msikiti wa pale kaburini, azuru, afikishe salamu za marehemu, arudi kwake roho imetulia. Hakutaka wigi, hakutaka simu, hakutaka hata kijiko.

Sasa mtu wa umri ule kusafiri peke yake na kubadilisha ndege ni mtihani. Hapo ndipo anapoingia Da Zuhura. Huyu ni mtoto wa jirani yetu, ana duka la nguo za akina mama, anakuja Guangzhou kama wewe unavyokwenda gengeni. Akajitolea. "Mama nitakwenda naye mimi, kila kitu niachieni."

Visa alishughulikia yeye, tiketi alipanga yeye kwenye safari yake mwenyewe ya siku mbili tatu, airport alimshika mkono mpaka kwenye kiti. Nayasema haya mapema msije mkasema nimeficha wema wake. Wema aliufanya. Ila kuna wema wa watu wengine una mkia, na mkia huuoni mpaka uukanyage.

Jumatano jioni walipofika nikawafuata hotelini Xiaobei. Pale mapokezi Waswahili wamejaa kama msibani. Kila anayemsalimia mama yangu anageuka kwangu na swali lile lile.

"Mama anachukua nini?"

"Hachukui kitu, amekuja kutembea."

"Sawa, lakini anachukua nini?"

Mmoja akauliza kama kilo za Mama za mizigo ya ndege ziko wazi, ana vipuri vyake vidogo tu. Vipuri! Mama wa watu hajavua hata viatu. Mkongomani mmoja wa Lubumbashi, mtu mpole kabisa, akanivuta pembeni akaniambia kwa huruma, "Mon frère, hata kama ni kutembea, si utamuonyesha kwanza magasin, maduka?"

Nilimchukua Mama Mkubwa nikampeleka kula tambi za kuvuta kwa mkono kwa Waislamu wa kichochoro cha nyuma, akalala mapema.

Alhamisi ilikuwa yetu. Da Zuhura alikuwa kwenye pilikapilika zake, nikamshika mama yangu mkono tukapanda metro. Mliokuja kwa ajili ya recommendations, someni hapa vizuri, maana mbele nitakuwa nafoka.

Anza na chai ya asubuhi. Watu wa huku wanaiita kunywa chai, lakini msidanganyike, ni kula. Unakaa meza ya duara, linakuja birika, halafu vinafuata vikapu vidogo vya mianzi vinavyofuka mvuke, kila kimoja na vitu vichache ndani yake. Muislamu usiingie popote tu, mafuta ya nguruwe yanajificha hata kwenye keki. Tafuta migahawa ya Waislamu kwenye mji wa kale. Ipo, uliza msikitini watakuelekeza.

Chai ya kwanza hainywewi. Unaimimina kwenye kikombe na bakuli lako, unasuuza na vijiti vyako, kisha unaimwaga. Wengi wetu tunaikimbilia na kuinywa, Wachina wanatuangalia tu. Mama Mkubwa alipoona meza nzima inaosha vyombo vyake mbele ya watu alifurahi mpaka akanipiga begani. "Hawa wamelelewa," akasema.

Nikamfundisha na jingine. Mtu akikumiminia chai unagonga meza kwa vidole viwili, hiyo ndiyo asante. Basi aligonga meza asubuhi nzima. Mzee mmoja wa Kichina tuliyechangia naye meza akawa anammiminia makusudi, kikombe hakijafika hata nusu anaongeza, ili amuone tu anavyogonga. Hawana lugha moja lakini walikuwa wanacheka kama mashemeji.

Agizeni tambi pana za mchele zilizokunjwa na nyama ya ng'ombe ndani. Agizeni vile vifuko vyeupe vya unga vyenye kamba wa baharini ndani, na keki ya figili iliyokaangwa. Miguu ya kuku Mama Mkubwa aliikataa. Aliitazama sana, kisha akauliza, "Huyu alikuwa anakwenda wapi?"

Mkishiba nendeni jumba la ukoo wa Chen. Jamani, paa tu la lile jumba ni safari. Limejaa watu wa udongo, simba, maua, ndege, hakuna pembe iliyoachwa hivi hivi. Mama Mkubwa ualimu ulimrudia, akawa ananionyesha kwa kidole kama niko darasa la tatu. Mnaosema Guangzhou hakuna kitu, mmewahi kufika pale? Hamjafika. Nyamazeni.

Kisha tukaenda mtaa wa Guangta kuona mnara wa msikiti mkongwe, mweupe, wa duara. Wenyeji wanasema zamani ulikuwa unawashwa taa juu ili meli zijue njia. Tukamalizia Beijing Lu, ule mtaa wa maduka ambao katikati wamechimba wakafunika kwa kioo, chini unaona mawe ya barabara za zamani, tabaka juu ya tabaka. Watu wanapita na ice cream zao, hawatazami. Mama Mkubwa aliinama pale mpaka nikaogopa mgongo.

"Mji huu una adabu," akaniambia. "Hautupi vitu vyake."

Jioni, tunarudi, ameshika mkono wangu, ananiuliza kwa mara nyingine kama pale kaburini wanawake wana mahali pao pa kuswali. Nikamwambia wanapo. Akasema, "Kesho basi." Akatabasamu peke yake njia nzima.

Sasa njooni Ijumaa.

Ijumaa ndiyo ilikuwa siku yao ya kuondoka pia. Ndege ya jioni, gari la airport limepangwa saa nane mchana. Plan yangu ilikuwa nyepesi. Asubuhi tunakwenda kaburini, anakaa, anasoma, anazuru. Tunaswali Ijumaa. Tunakula pale nje, tunarudi hotelini kuchukua mabegi.

Kula pale nje nako ni recommendation, tena kubwa. Ijumaa wauzaji wa Kiislamu wanapanga meza zao njiani, mishikaki ya kondoo, mikate ya tanuri, na pilau ya karoti. Mimi nilikuwa nasubiri nimuone mwanamke wa Tanga akiibishia ile pilau. Nilikuwa nimeshaandaa kicheko.

Mama Mkubwa alivaa baibui jipya alilolitunza kwa ajili ya siku hiyo. Alijifukiza udi chumbani mpaka nikahofia king'ora cha moto cha hoteli. Alitoka amependeza, ananukia, uso umetulia.

Pale chini tukamkuta Da Zuhura.

"Mama, tupitie Zhanqian dakika tano tu. Ni njiani."

Na kweli ni njiani, wakuu, hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Kutoka Zhanqian hadi kaburini unatembea kwa miguu yako mwenyewe.

Nikamwambia, "Da Zuhura, leo hapana." Mama Mkubwa akanikata. "Mudi, mwenzio ndiye aliyetuleta. Dakika tano si kitu."

Tukaenda.

Ili muelewe, safari yake iliyopita Da Zuhura alishusha magauni ya sherehe ya akina mama. Label inasema size kubwa, mteja akivaa linagoma mabegani. Mnaovaa mnajua, size ya huku si size ya kwetu. Mwanamke wa Tanga aliyekamilika haingizi hata mkono kwenye XXL ya Mchina. Na maduka ya jumla hayakuruhusu ujaribu nguo, unachukua kwa macho, ukikosea umekosea.

Kwa hiyo safari hii alitaka mwili wa kupimia. Na mwili alikuwa nao. Ameusafirisha mwenyewe kwa ndege, ameushika mkono airport, ameupatia na kiti cha dirishani.

Hapo ndipo nilipoukanyaga mkia.

Tulipofika dukani kila kitu kilikuwa tayari. Mwenye duka, laobanniang mmoja mkakamavu na futi shingoni, alipomuona Mama Mkubwa alipiga makofi. Magauni yametundikwa yanasubiri. Wasichana wawili wa duka wakashika kitambaa kwenye kona, wakamfungia mama yangu nyuma yake. Kumbe walishakubaliana tangu jana. Dakika tano gani hizo?

Baibui jipya likavuliwa. Akatoka na gauni la zambarau lenye vitu vinavyong'aa, kichwani bado ana ushungi wake mweupe wa kuswalia. Vioo kila upande. Mwalimu mstaafu, mjane wa mtu, amesimama katikati ya duka kama sanamu la kuvalishia nguo.

"Mama inua mikono, kama unacheza ngoma," Da Zuhura anamwambia. Anainua. "Chuchumaa kidogo tuone nyuma." Anachuchumaa. "Geuka." Anageuka. Laobanniang anabana huku, anavuta kule, anasema "piaoliang, piaoliang", yaani amependeza. Mama Mkubwa anaitikia asante, na kwa mazoea ya jana anagonga hewani kwa vidole viwili.

Nilitoka nje ya duka nikashika ukuta.

Niliporudi kulikuwa na watu. Mnajua Zhanqian, habari haitembei, inaruka. Imesikika kuna mama wa Kiafrika mwenye saizi yenyewe anajaribishwa nguo, na wauzaji wameruhusu. Wakaja wanunuzi wa maduka ya jirani na magauni yao mkononi. Mama mmoja wa Lubumbashi, "Maman, s'il te plaît, hii moja tu, ni ya harusi." Dada mmoja wa Nairobi, "Mathe, hebu jaribu hii ya maroon, nione tu vile inakaa kwa hips." Na huyo wa Nairobi simu iko juu, anarekodi.

"Dada, weka hiyo simu chini," nikamwambia.

"Relax bro, natumia tu wateja video kwa group."

"Nimesema weka chini! Huyu ni mama yangu!"

Akaishusha. Lakini alikuwa ameshapiga, na mpaka leo sijui ile video imefika simu za nani.

Mama Mkubwa hakumkatalia hata mmoja. Mlioko bara pengine hamtanielewa nikiwaambia kuna kitu kinaitwa muhali. Mtu wa pwani akikuonea muhali hawezi kukwambia hapana usoni, hata kama unamkalia mguu. Atakwambia "haya mwanangu", atavumilia, na usoni hutaona kitu. Watu wetu wanaujua huo muhali vizuri sana. Da Zuhura amezaliwa ndani yake. Alijua kabisa yule mama hatakataa, na ndiyo maana alimchukua yeye, hakumchukua mwanamke mwingine yeyote wa mwili ule.

Adhana ya simu yangu ikalia.

Nyuma ya kitambaa nikasikia, "Mudi, hiyo ni adhana yako?"

"Ndiyo, Mama. Twende."

"Bado hotuba," Da Zuhura akadakia. "Hotuba zao ndefu. Mama, bado haya mawili ya mwisho, nimeshayaagiza, nisipoyapima nimekwisha."

"Da Zuhura, mama huyu ametoka Tanga kuja kuswali!"

Akanigeukia, na akasema neno ambalo nitakwenda nalo kaburini kwangu. "Mudi, kwani Sahaba anahama? Si yupo tu pale? Mwaka kesho namleta tena mwenyewe."

Wakuu, nilipandisha. Sijui nilisema nini chote. Nilimwambia amemsafirisha mama yangu kama sampuli. Nilimwambia asitaje mwaka kesho kwa mtu wa umri ule kana kwamba ana miadi na Mungu. Laobanniang akaanza kukusanya magauni yake akidhani tunapigana.

Na aliyeninyamazisha alikuwa nani? Mama Mkubwa mwenyewe, kichwa kimechomoza juu ya kitambaa. "Mudi! Usinivunjie watu heshima. Na yeye ana watoto wanamsubiri. Ngoja nimalizie."

Akamalizia. Mawili yakawa matano. Zipu moja ikakwama mgongoni, wakamshika watu watatu kuivuta, na huku mimi natazama saa kwenye ukuta wa duka la jirani. Ijumaa ilipita tukiwa pale. Ilipita Mama Mkubwa akiwa ndani ya gauni la dhahabu lililokwama.

Nikasema moyoni, si kitu, Ijumaa imepita lakini kuzuru bado kupo, tutakimbia. Tunatoka nje, naona gari la airport limesimama mlangoni na mabegi yote ndani. Da Zuhura alishapiga simu hotelini wayapakie, ili "tusipoteze muda". Eti tusipoteze muda! Nikamwomba dereva, nikamwomba Da Zuhura, niachieni nusu saa. Akanionyesha simu, barabara ya airport yote nyekundu. "Tukikosa ndege nani atamkatia nyingine? Wewe mwanafunzi?"

Nikapanda nao.

Njia ya airport inapita mbele ya kaburi. Mama Mkubwa hakujua, mimi nilijua, na nilitamani dereva akosee njia. Foleni ikatupunguzia mwendo pale pale. Watu walikuwa wanatoka, kanzu na kofia, Waarabu, Wahausa, Wachina, wanawake na mitandio yao. Moshi wa mishikaki umetanda.

Akaniuliza, "Mudi, hapa ndipo?"

"Ndipo, Mama."

Alijivuta dirishani. Ushungi ulikuwa umekaa upande kwa yale mavazi. Akainua mikono kwenye kioo, akasoma kwa sauti ndogo. Nikasikia akisema, "Assalaamu alaykum. Salamu za Bakari. Bakari alitaka kuja." Akarudia jina la mumewe, taratibu, kama mtu anayeacha ujumbe kwa mlinzi getini na hana hakika utafika.

Gari likasogea.

Kule mbele Da Zuhura alikuwa anatuma voice note kwa mteja. "Safari hii yanaingia, shoga yangu, usiwe na wasiwasi. Nimeyapima kwenye mtu."

Tukafika airport. Mama Mkubwa alinishika shavu mlangoni, akaniambia nisome na nisiweke kinyongo. Nimeweka. Natoa povu, najua, na nitaendelea kulitoa.

Sasa mlio na wazazi wanaotaka kuja huku, nisikilizeni. Mzazi akija kutembea, mpokee mwenyewe airport na usimlaze Xiaobei. Jambo lililomleta lifanye siku ya kwanza, kabla ya chai, kabla ya jumba la Chen, kabla ya kitu chochote. Mimi nilipanga la muhimu liwe la mwisho, tamu mwishoni kama chakula cha wageni, na walaji wengine wakalifikia kabla yangu. Na mtu akikwambia anamleta mama yako bure, muulize mapema anamleta kwa ajili ya nini. Uliza hata kama unaona aibu. Aibu ya kuuliza ni ndogo.

Na nyie mnaokuja kununua, mji huu haukuumbwa uwe stoo yenu. Chukueni nusu siku moja tu. Mtaona.

Nilitaka niishie hapo. Lakini juzi nimepiga simu nyumbani, na ndiyo maana nimeamua kuandika.

Sebuleni kwa Mama Mkubwa walijaa watu, wamekuja kumpa pole ya safari na kumsikiliza. Simu ikawekwa spika ili na mimi niwepo. Mama mmoja wa mtaani akauliza, "Bi Mwanahawa, tupe habari basi. Kaburini kukoje?"

Nikangoja. Nilitaka aseme, wakuu, nilitaka mtaa mzima usikie.

Akasema, "Sikujaaliwa. Ijumaa ile ilinyesha mvua, mvua kubwa, njia zote zikafunga."

Wakaitikia wote, masikini, ndiyo mipango ya Mungu. Na katikati yao nikasikia sauti ninayoijua. Da Zuhura alikuwa amekaa pale pale, anakunywa kahawa ya mama yangu.

"Mvua ile," akasema, "we acha tu."

Mliowahi kuleta wazazi wenu huku, mwageni yenu hapa chini. Mnaomtetea Da Zuhura pia karibuni, nipo, sijalala. Ila mkikutana na mtu wa Tanga akawaambia Ijumaa ile Guangzhou ilinyesha, mwambieni yupo mtu alikuwepo. Jua lilikuwa kali. Halikudondoka hata tone.